Habari za Nyumbani, Noeli Hii Bila Yaya Deo

Yaya Deo,

Kaka yangu, jana tulisoma ujumbe wa Noeli wa chuo bila wewe. Walimu walipotawanyika nilishuka peke yangu kuelekea langoni, nikajikuta napunguza mwendo, nakungoja ufunge ofisi unifikie, uniulize kama kila mwaka: "Mudogo, batu balisikia, ao balikuwa banangoja chai tu?" Hakuna aliyeniuliza. Ndiyo maana leo nimekaa kukuandikia. Ripoti hii nimpe nani mwingine?

Bado nakimbilia simu kila jambo linapotokea. Siku paa la maktaba lilipokwisha kuezekwa, na siku asistanti wetu Grâce aliporudi kutoka Kisangani na shahada yake ya udaktari, kidole changu kilikwenda kwenye jina lako kabla akili haijakumbuka. Angèle, mke wako, hajaifunga ile namba. Safari moja iliita, akapokea yeye. Tulisikilizana tukilia, kisha akakata.

Wewe ulijua kuusoma ujumbe ule. Kwanza Kifaransa, kurasa zenye koti na tai: baraza la uongozi limeamua hivi, fakulte fulani imepongezwa vile. Kisha unakunja karatasi, unavua miwani, unasema, "Sasa habari za nyumbani," na Kiswahili kinaanza. Nani amepata mapacha. Nani ameoa na anajificha. Ng'ombe wa jirani waliokula tena viazi vya majaribio vya watu wa kilimo, na maprofesa wanne waliowafukuza na tai shingoni. Hata waliokuwa wanasinzia wanaamka. Nimekuwa katibu wako wa masomo miaka yote ile na sikuwahi kukuuliza unafanyaje. Nilidhani utakuwepo.

Mvua zilikuwa ndiyo zinaanza. Jumapili ile ulitoka misa, ukaketi kuvua viatu, na moyo ukasimama. Baraza likaniambia nishike kazi yako ya kukiongoza chuo mpaka rekta mwingine apatikane. Mpaka leo hajapatikana. Nimebaki mimi.

Sasa nikueleze jambo lililotupata kwa ajili yako.

Karibu na mitihani, vita vilirudi upande wa Djugu, na watu wakaanza kuingia Bunia kwa miguu, magodoro kichwani, mbuzi kwa kamba. Unajua tulivyozoea kuwaona wakipita kwenda parokiani au kwenye kambi. Kundi moja halikupita. Lilisimama mbele ya lango letu. Mlinzi akaja kuniita: "Mama, iko mumama moja pale, anauliza mutoto wake. Anasema mutoto ni rekta."

Nilimtambua kabla hajafungua kinywa. Paji la uso lilikuwa lako. Ni shangazi yako, Mama Ruta, yule uliyekuwa ukituambia alikulea mama yako alipofariki. Alikuwa ametembea kutoka ng'ambo ya Nizi, miguu imevimba, kandambili moja nyekundu na nyingine ya bluu. Alicheka aliponiona, cheko la mtu aliyefika.

"Deo alituambia, siku mambo itaharibika, mukuje kwangu. Siye tumekuja. Yeye iko wapi?"

Hakuna aliyemfikishia habari, Yaya. Tulijaribu. Barabara ilikuwa imefungwa, simu za kule hazishiki, na mtu tuliyemtuma alirudi njiani. Tukakuzika tukijua watu wa kwenu hawajui. Na sasa walikuwa wamesimama mbele yangu wakikuulizia.

Nimesema mbele ya magavana na maaskofu. Pale langoni nilitafuta tu pa kushika. Nilimshika mikono yote miwili. "Mama," nikamwambia, "Deo hatunaye tena. Alitutoka wakati wa mvua."

Alinitazama kana kwamba nimesema lugha asiyoijua. Kisha akageuka, akawaambia wenzake kwa lugha ya kwenu, na kilio kikapanda. Wanawake waliokuwa bado na mizigo kichwani walikulilia wamesimama hivyo hivyo, katika vumbi. Wanafunzi walitoka madarasani wakavua kofia. Siku ya mazishi yako nilikuwa na kazi nyingi, viti, hotuba, gari la padri. Nililia kweli siku ile, langoni, pamoja nao.

Nikaagiza ukumbi mkubwa ufunguliwe. Kulikuwa na kitu gani kingine cha kufanya? Uliwaita wewe.

Kesho yake walimu walikuja juu. Jalum alisimama wa kwanza. Unamjua Jalum wako wa fizikia, akikasirika anasahau Kifaransa. "Universite haiko kambi! Batoto batafanyia mitihani wapi? Munataka mwaka ikuwe mweupe?" Na hakukosea, Yaya. Mwaka ukipotea, mzazi aliyeuza shamba lake kule Aru au Mahagi ili mtoto asome, nitamwambia nini? Wengine walisema nahatarisha chuo, kwamba watu wataona tumechagua upande. Nilitaka sana uwepo. Wewe ungewaacha waseme mpaka wachoke, kisha ungeuliza chai iko wapi. Mimi sikujua kungoja. Nilisema tu kwamba sitamtoa shangazi wa Deo kwenye nyumba ya Deo, na kama baraza linaona nimekosa, liniondoe mimi kwanza. Jalum aliondoka bila kuaga.

Mitihani tulifanyia nje, chini ya mikaratusi, tukafunga bashi, yale maturubai ya plastiki, juu kwa ajili ya jua. Siku ya fizikia upepo ulichukua makaratasi, wanafunzi wakakimbizana nayo hadi barabarani, na Jalum katikati yao akipiga kelele, "Hakuna kusoma ya mwenzako!" Nilikuwa dirishani. Nilicheka, kisha nikageuka kukuonyesha.

Asubuhi moja mwanamke mmoja alishikwa na uchungu ukumbini. Chumba chenye maji kilikuwa kimoja tu, maabara ya Jalum, na ufunguo anao yeye. Sikuthubutu kumpigia. Mtu mwingine alimpigia. Alikuja na pikipiki, akafungua, akatoa vyombo vyake kwa mikono yake, kisha akasimama nje na ndoo, mgongo ukiwa mlangoni, mpaka mtoto alipolia. Nilipomkaribia kumshukuru alisema, "Bado sikubali." Akaenda kufundisha.

Mwaka haukupotea. Parokia ilipata kiwanja, watu wakahamia huko, na tumeosha ukumbi. Mama Ruta hakwenda nao. Angèle alikuja kumchukua, wanaishi naye nyumbani kwako mtaa wa Mbunya. Anapika sombe ya majani ya muhogo yenye karanga nyingi, anawagombeza wanao kwa sauti yako.

Basi jana. Nilivaa kile kitenge ulichosema kinanifanya nionekane mke wa waziri. Nikasoma Kifaransa, kikapita salama. Nikakunja karatasi. "Sasa habari za nyumbani," nikasema, na ukumbi mzima ukatulia vibaya, maana kila mmoja alikusikia wewe.

Niliwapa habari ya paa, ya Grâce, ya mtoto wa maabarani. Walipiga makofi ya heshima. Nikafika kwa ng'ombe, maana mwaka huu pia walikuja, wakala viazi, na tena wakalala palepale kwenye bustani ya majaribio. Hakuna aliyecheka. Nilijua nimeisimulia vibaya. Halafu nyuma kabisa, kando ya Angèle, cheko lilitoka. Kichwa kimerudishwa nyuma, kiganja mdomoni, na ule mkoromo mdogo mwishoni. Mama Ruta. Sikujua kwamba cheko lako lilikuwa lake. Niliishika meza. Walimu wote waligeuka kumtazama, na nikaona wanafuta macho.

Nilitaka kumaliza hapo. Nikawatakia Noeli njema, nikaanza kukusanya makaratasi. Jalum akasimama.

"Mama Rekta," akasema. Ilikuwa mara ya kwanza kuniita hivyo. "Habari moja haujaitoa. Habari ya Deo."

Ni kweli, nilikuruka. Kwenye karatasi ya Kifaransa uliandikwa mstari mmoja, marehemu fulani, pengo fulani. Kwa Kiswahili sikuweza. Kukutaja katika habari za nyumbani ni kukubali kwamba wewe ni habari, si msimulizi tena.

Nikakutaja. Niliwaambia kwamba Deo wetu alikufa akivua viatu, kwamba watu wake walitembea kutoka ng'ambo ya Nizi kwa sababu aliwaahidi mlango, na mlango ulifunguka. Nikawaambia nakukosa kila siku saa ya chai. Walisimama wote. Chai ilipoa na hakuna aliyeilalamikia.

Basi, Yaya, nikujibu swali lako: walisikia.

Nakuaga sasa, nyumbani wananiita. Lakini nina neno moja nataka ulale nalo. Mama Ruta aliniambia jana, tukiagana, kwamba usiku anaona haya kwa kaka yake, baba yako, kwa sababu wewe umelala Bunia, naye amelala kaburini kule kwenu peke yake bila habari yako. Nimemuahidi, na nakuahidi wewe: siku barabara itafunguka, sitamtuma mtu. Nitamsindikiza mwenyewe mpaka kwenu, mimi na Angèle na watoto, nitasimama mbele ya kaburi la baba yako na kumwambia kwa kinywa changu mwanawe alikuwa nani kwetu.

Lala pole pole, kaka yangu.

Mudogo wako,
Florence