Afaf Binti Nani

Jumamosi, 16 Machi 1912

Barua ya Sheikhan imefika! Jamaldin kaja nayo mbio tangu posta, kofia mkononi, jasho limemrowesha kanzu. Ndugu yangu huyu akiwa na habari hodi huipigia ndani. Mume wangu amepewa ruhusa ya kukaa Natali, na aliyepewa ruhusa aweza kumwita mkewe. Mkewe! Nimelipitishia kidole neno hilo hata wino umefifia.

Ana chumba chake sasa huko Durbani, nyuma ya duka anakoshona suti za Wazungu. Kina dirisha. Baridi kali, asema, nije na blanketi.

Watakacho huko: hati ya ndoa kwa kadhi, picha ya uso wangu, na karatasi ya daktari kuwa nimechanjwa ndui. Na mtoto pia achanjwe.

Mavyaa, mama yake Sheikhan, kasikia yote akiwa jikoni. Akaendelea kukuna nazi — na nazi ilikwisha kitambo, nilisikia meno ya mbuzi yakikwaruza kifuu kitupu.

Jumatatu, 18 Machi

Kadhi ameandika kwa Kiarabu. Jamaldin kanisomea: Mahfudha, mjane wa Abdulkadir, mwenye binti mmoja kwa marehemu, ameolewa na Sheikhan kwa mahari yaliyotimia. Kweli tupu. Nikalia kidogo kwa ile "marehemu". Afaf alikuwa hajaota meno baba yake alipokufa kwa homa. Sheikhan aliponioa alimkuta anatambaa.

Miaka mitatu Sheikhan yuko huko. Uso wake ninao, nikifumba macho nauona. Sauti imenitoka. Leo nimejaribu kuikumbuka anavyoniita — sikuipata. Nilipata sauti ya Jamaldin.

Jirani wa ng'ambo ya kichochoro huniuliza dirishani kila asubuhi: "Bado?" Nami humjibu: "Bado." Hatuna mazungumzo mengine siku hizi.

Jumatano, 27 Machi

Nimepigwa picha. Ya Rabi, aibu!

Mavyaa alisema uso wa mke wa mtu haupelekwi ofisini ukashikwashikwa na wanaume. Jamaldin akamjibu kwa adabu: "Bibi, bila uso hapandi meli." Mavyaa akaingia chumbani mwake, akafunga mlango.

Mpiga picha ni Mgoa, mtu mzima, mpole. Alimwita mkewe aje akae nasi, akamtoa Jamaldin nje. Nikafunua buibui. Mikono haikujua pa kukaa. Akasema nisipumue. Nani asiyepumua? Afaf akaona mama yake kakauka kama maiti mbele ya kile kisanduku, akapiga ukelele, akanirukia mapajani. Hakubanduka. Mgoa akacheka: basi tuwapige wawili. Ndivyo tulivyopigwa. Mimi nimetoa macho, Afaf kanishika kidevu.

Sijawahi kujiona hivyo. Nimekonda. Sheikhan atanitambua?

Jumapili, 21 Aprili

Mvua. Mtaa wetu wa Kuze wote topetope. Chuo cha Kurani hakikusomesha, Afaf kashinda ndani akiniuliza Natali kuna nini. Nikamwambia kuna dirisha. Sina jingine nilijualo.

Karatasi zetu zimekwenda Natali tangu mwezi jana, hakuna jibu.

Jumanne, 14 Mei

Jibu limekuja. Sijui niandike vipi.

Jamaldin aliitwa ofisi ya Serikali, karani Aidarus akamfasiria. Aidarus ni kijana wa hapahapa mjini, baba yake alisoma na baba yetu. Alilisoma mara mbili kabla ya kutoa neno. Mke, ndiyo. Mtoto wa damu ya mume, ndiyo. Mtoto aliyekuja na mama — la.

La! Herufi mbili.

Nikamwuliza Jamaldin, wamemwona kwenye picha? Wamemwona kanishika kidevu? Akasema wamemwona, ndiyo maana wakauliza ni wa nani, na hati ya kadhi ikawajibu.

Kisha akateremsha sauti. Aidarus amemwambia njia iko. Ruhusa ya mtoto haikufutwa, imewekwa kando hadi ithibitike. Wakala wa meli hapa Mombasa ndiye atakayethibitisha siku ya safari. Mama akisema ni wa mume, na mtoto mwenyewe akisema hivyo, wakala atatia sahihi. Hati ya kadhi yeye haiulizi.

"Yaani aitwe binti Sheikhan?"

"Kwa siku moja tu, dada."

Nikamwambia atoke. Ndugu yangu niliyemlea, nimemfukuza kama mwizi.

Jumatano, 15 Mei

Habari mji huu haina miguu, ina mbawa. Bibi yake Afaf, Mwanakuu, mama wa marehemu Abdulkadir, kaja kwa miguu toka Makadara, na magonjwa yake yote. Nikamshika mkono ngazini.

Nilidhani atanigombeza. Laiti angegombeza! Alikunywa kahawa, akanipa pole, akasema: "Mahfudha mwanangu, sikuzuii. Wewe kijana, na mume ni mume. Nenda. Lakini mtoto niachie. Kwake yeye ndiyo namwona mwanangu."

"Na mimi, mama, nitamwona kwa nani?"

Akanitazama sana. Akaomba maji ya kutawadha.

Alipoondoka nikamkuta Afaf kakaa daraja la juu la ngazi, kavuta magoti. Akaniuliza, "Mama, Natali hawapendi watoto?"

Ijumaa, 7 Juni

Barua ya Sheikhan. Kumbe naye aliarifiwa, akaandika siku ileile. Mwandiko wa haraka, mistari imepanda. Asema: sema ni wangu. Nimemtembeza mgongoni, nimemlisha kwa mkono wangu, nani atasema si wangu? Usimwache. Na usikae. Meli ya tarehe kumi na tatu Juni nimekwisha kuilipia nafasi zenu. Ruhusa hii ikipita mwaka wataka niombe upya, na sheria huku kila siku inakazwa.

Usimwache na usikae. Yeye kwake rahisi, ni maneno mawili.

Nimeisoma tena kwa sauti, chumbani, nikidhani huenda nitaisikia sauti yake. Nimesikia yangu.

Kumwita mtoto kwa jina la asiye baba yake — hilo nalijua tangu chuoni ni dhambi gani. Nalo kumwacha mtoto? Kumwacha mume akiningoja kwenye baridi? Nani nitamwuliza? Jamaldin hana la kusema ila samahani. Majirani wataka kusikia tu. Nimezungukwa na watu toka asubuhi, na sijapata wa kukaa naye.

Jumapili, 9 Juni

Mavyaa amenishangaza. Kamkalisha Afaf uani kati ya magoti yake, anamsuka, huku akisema nami bila kunitazama. "Mwanangu amekuita wewe. Mimi hakuniita. Hata salamu zangu huja mwisho wa karatasi." Nikasema mama, si hivyo. Akasema ni hivyo, na si kitu. Mnapoondoka mwende nyote wawili. "Mtoto hagawanywi kama mkate."

Nikambusu mkono. Miaka mitatu tumeishi nyumba hii kila mmoja na mlango wake. Leo ndiyo naona naye yuko peke yake, na nikiondoka ndiyo basi.

Baada ya alasiri nikamchukua Afaf chumbani.

"Baba yako nani?"

"Abdulkadir."

"Na Mzungu akikuuliza?"

Akashika ncha ya msuko wake.

"Utasema Sheikhan."

"Kwani Mzungu hamjui baba?"

"Hamjui."

"Basi tumwambie."

Nikaudhika, nikamshika bega kwa nguvu. Hakulia. Akasema "Sheikhan", taratibu, macho chini, kama anayemeza dawa chungu. Nikamwambia vyema. Nikatoka nikaenda kuosha uso.

Jumanne, 11 Juni

Kesho kutwa. Sanduku limefungwa. Blanketi limo.

Mwanakuu alikuja kuaga. Hakuuliza mtoto atapandaje. Nadhani anajua. Alimkumbatia tu, akamnusa utosi, akarudi Makadara. Hakugeuka nyuma.

Alhamisi, 13 Juni

Forodhani. Naandika kwa penseli, nimeketi juu ya sanduku langu, kwani wamenitoa nje.

Wakala ni Mwingereza mwenye masharubu meupe, si mkali. Mkalimani wake ni Joab, kijana wa misheni, Kiswahili chake kizuri. Niliingia na Jamaldin. Nikaulizwa jina, nikasema. Mume, nikasema. Kisha: huyu mtoto ni wa nani?

Nikasema wa Sheikhan.

Limetoka! Halikunikwama hata kidogo. Ndilo linalonitisha.

Mzungu akaandika. Akatazama picha, akamtazama Afaf, akatabasamu. Kisha akasema neno. Joab akanifasiria kwa upole: Bwana ataka kumwuliza mtoto mwenyewe, sisi tukiwa nje. Ni kawaida, bibi, msiogope.

Mlangoni Afaf kanishika buibui. Akauliza si kwa kunong'ona, kwa sauti yake ya siku zote: "Mama, nimtaje yupi?"

Jamaldin akatazama bahari. Joab akatazama chini — kasikia, bila shaka kasikia. Mimi nikafungua mdomo. Nilitaka kusema Sheikhan. Nikaona nywele alizosukwa, nikaona vile anavyoningoja nimwambie, naye atafanya lolote nitakalomwambia.

"Mtaje baba yako," nikamwambia.

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu mzima. Mlango ukafungwa.

Jamaldin kanisogelea: "Dada, umemwambia nini? Yupi?" Nikaketi juu ya sanduku. Kaniuliza tena. Kisha kaondoka, kaenda kusimama mbali kidogo, kanipa mgongo.

Nasikia sauti ya Joab ikiuliza. Nasikia ya Afaf. Ndefu. Ndefu kuliko jina moja. Maneno siyapati, watu wanapiga kelele na mizigo.

Hamali kaja kuuliza kama apakie sanduku. Nimemwambia angoje. Aniuliza angoje mpaka lini, mashua inajaa. Nimemwambia niko juu ya sanduku, akitaka anipakie na mimi. Kacheka. Kasimama hapa, mikono kiunoni, ananitazama nikiandika.

Ndani wamenyamaza. Kiti kimevutwa. Kuna anayekuja mlangoni, naweka penseli.