Kwa Baba, Uliyeacha Kabari Kumi na Moja

Mwaka umetimia tangu utuache, Baba, na tukisema kweli, tumechoka. Watu walituambia tutazoea, nasi tumejaribu. Kiti chako tumekihamisha mara tatu, kisha tukakirudisha pale pale, maana kila aliyepita alikikwepa hata kama hakipo.

Wasiokufahamu wajue kwamba ulikuwa fundi wa kukata mawe kwa mkono, miaka thelathini na miwili katika machimbo yale yale. Wenzako walikuita Polepole na wewe hukuona kosa. Wao walimaliza mawe mawili ukiwa bado na moja, lakini jiwe lako lilipanda ukutani bila mwashi kuligusa tena. Ulirudi jioni, ukanawa mara mbili, na bado vumbi jeupe lilibaki kwenye nyusi. Mama alikuwa akisema ameolewa na mzee tangu akiwa msichana.

Uligonga kila kitu kwa kifundo cha kidole, ukainamisha sikio usikie. Uligonga sufuria mpya, mlango, tikiti maji, na vichwa vyetu tulipoleta ripoti za shule. Ukisema "Zima," kama ulivyosema jiwe lisilo na ufa, tulijua tumesalimika. Siku mume wa dada yetu mkubwa alipokuja kujitambulisha, ulimgonga bega, ukakaa kimya muda mrefu. Jibu lake ulimpa baada ya harusi, na maskini kijana wa watu alikuwa amekonda.

Mama hajambo, Baba, ila halali. Miaka yote alilalamikia kikohozi chako na ile tabia yako ya kugongagonga ukingo wa kitanda ukiwaza mawe. Sasa nyumba imetulia, na usingizi umemkimbia. Mchana husinzia kidogo akichambua mchele, kisha hushtuka na kuuliza nani kanyamaza. Tumempeleka kwa daktari, tumempa maziwa ya moto, shangazi akaja kukaa naye mwezi mzima. Shangazi alilala vizuri sana.

Wenzako hawakututupa. Kila baada ya miezi michache alikuja yule rafiki yako mnayemwita Kijiko, kwa ajili ya vijiko vyake vitano vya sukari, akiwa na nyapara wenu. Walivua viatu, wakaketi, wakasifu chai. Kijiko alikohoa, nyapara akamtazama, Kijiko akatazama dari. Kikombe kikiisha waliaga. Tuliamini wanafuata sukari tu.

Walipokuja mara ya nne, mwezi uliopita, Mama aliwasindikiza hadi mlangoni, akarudi kuketi huku amejishika kiuno. "Watu wazima hawatembei mwendo wote ule kuja kutazama dari," alisema. "Wana neno. Nitawafuata huko huko wanitemee."

Unajua alivyoyachukia machimbo yale. Miaka thelathini na miwili alikufulia vumbi lake bila kuona linakotoka, na kifua chako kilipoharibika aliapa hatapakanyaga. Lakini alikuwa amechoka, Baba, hata kiapo kilimchosha. Asubuhi ya Jumatano alijifunga kitambaa kichwani, akamshika mkono dada mkubwa, wakaenda. Sisi wengine tulifuata nyuma, maana hakuna aliyetaka kusimuliwa.

Njia inapanda taratibu, kisha ghafla ardhi imekatwa ngazi kubwa kubwa kwenda chini. Mama alisimama ukingoni kuvuta pumzi. Kule chini watu walikuwa wameinama kila mmoja mahali pake, na nyundo zilikuwa zikilia, hii nzito, ile nyepesi, bila kungojana. Mmoja alikuwa akitoboa matundu kwa tindo, akiizungusha kidogo kila pigo. Mwingine alisugua uso wa jiwe kwa kiganja, kama mama anayetafuta homa. Hakuna mashine hata moja. Mama alikuwa akifikiria mahali pa kutisha, akakuta watu wanaofanya kazi kwa adabu, na jambo hilo halikumfurahisha. Alikuwa amekuja tayari kuchukia.

Kijiko alipomwona aliangusha nyundo. "Shemeji! Kuna nini nyumbani?"

"Nyumbani hakuna kitu. Nimekuja nyinyi mniambie kulikoni. Mara nne mmekunywa chai yangu na neno mmelimeza."

Nyapara alisogea, akajifuta mikono kwenye suruali. Kijiko ndiye aliyepiga moyo konde. "Njoo uone, shemeji. Kusema ni kugumu."

Walimpeleka hadi ngazi ya tatu, mahali pako. Gunia ulilojaza nyasi kavu kwa kukalia lilikuwa bado juu ya jiwe, na shimo la kukaa kwako katikati. Mbele yake, juu ya mwamba, kulikuwa na mstari ulionyooka, na matundu kumi na moja, na kila tundu lina kabari yake ya chuma ya kupasulia mwamba, imesimama. Zilikuwa zimeshika kutu hadi zikawa nyekundu. Kandokando palifagiliwa. Mwaka mzima walikuwa wakipafagia.

"Alizitia siku ile alipoumwa," alisema Kijiko. "Akazipiga mzunguko mmoja, akasema kesho nitamalizia. Na hapa kwetu, shemeji, mstari wa mtu haupigwi na mwingine. Aliyetia kabari amalize mwenyewe, au aseme nani ammalizie. Akishindwa kusema, waseme watu wa nyumba yake."

Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Kwenu machimboni, Baba, msemo huo haujafika.

Mama alitazama nyuma ya mstari, ambako mwamba ulikuwa safi, mzima, wa rangi moja. Kisha akatazama upande wa bondeni walikofanya kazi Kijiko na wenzake wawili, wanaotegemea ngazi ile ile. Huko maji yalichuruzika, na jiwe lilikatika ovyo kama biskuti. Palikuwa na rundo la vipande visivyofaa, refu kumpita mtu. Mkono wa Kijiko ulikuwa umefungwa kitambaa.

"Mwaka mzima mnahangaika na ule uchafu," alisema Mama, "na jiwe zuri mmelipa kisogo?"

"Tungeanzaje, shemeji? Mtu yuko kwenye msiba, umfuate na habari za kabari?"

Mama alikaa kwenye gunia lako ghafla. Tulidhani ni jua. Dada mkubwa akamletea maji, akayashika bila kunywa, na hapo ndipo alipotuambia sote jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu.

"Alitaka kusema," alisema. "Siku mbili kabla hajafa. Alinishika mkono akaniambia, 'Mstari wangu, waambie…' Nikamkatiza. Nilimwambia, nyamaza, mawe ndiyo yaliyokuua, humu chumbani sitaki kusikia habari zake. Akanyamaza. Hakusema tena neno la maana hadi mwisho. Aliomba maji tu." Aligeuza kikombe mkononi. "Mwaka mzima najiuliza mstari gani. Nilidhani homa."

Sasa unajua, Baba, kwa nini halali. Sisi wanao tulikuwa tumemlaumu daktari, chai, mto wa kulalia.

Kijiko alivua kofia, akaivaa tena. "Shemeji," alisema taratibu, "yule bwana alizungumza habari za mawe hata siku ya harusi yake. Mimi nilikuwepo. Usingemkatiza, angekuwa anaendelea hadi leo."

Mama alicheka. Kilikuwa kicheko kidogo, kimechoka, nusu yake machozi, lakini kilikuwa chake. Akanywa yale maji. Kisha akamwambia nyapara, "Mwandike, au mnavyofanya hapa. Mstari wa mume wangu namwachia Kijiko."

"Hatuandiki, mama. Ukisema imetosha."

"Basi nimesema."

Kijiko alishukuru, lakini hakuinua nyundo yake. Aliingia kwenye kibanda cha vifaa, akatoka na ya kwako, yenye mpini uliouzungushia mpira wa tairi. "Mzunguko wa kwanza aupige mtu wa nyumbani," alisema. "Kila kabari pigo moja, shemeji. Usipendelee yoyote."

Ungemwona mkeo. Alishika nyundo kwa mikono miwili kama anatwanga, akapiga ya kwanza, kutu ikaruka. Akaenda ya pili, ya tatu, hadi ya kumi na moja. Mlio ulikuwa mfu. Akarudi mwanzo. Mzunguko wa tatu mlio ulianza kupanda, na mafundi wa ngazi za juu wakageuza vichwa, kwa kuwa sikio la fundi halidanganyiki. Hapo mikono ikamwisha, Kijiko akapokea na kuongeza mizunguko miwili.

"Sasa?" Mama aliuliza.

"Sasa tunangoja."

"Hadi lini?"

"Hadi litakapotaka lenyewe. Ukililazimisha linapasuka vibaya. Polepole ndiye aliyetufundisha hivyo, na alituudhi sana."

Kila mtu alirudi kwenye kazi yake. Nyundo zikaanza tena, pande zote, nzito na nyepesi. Mama alisema atapumzisha mgongo kidogo tu. Akaegemea mwamba, juu ya gunia lako, ndani ya shimo la kukaa kwako. Dada mkubwa alipogeuka kumwambia kitu, alikuwa amelala mdomo wazi.

Nyapara aliona, akahurumia. Alinyoosha mkono juu, na ngazi moja baada ya nyingine wakaacha kupiga, machimbo yakawa kimya kabisa. Papo hapo Mama akafumbua macho.

"Nani kanyamaza?" aliuliza.

Tulitazamana. Dada mkubwa ndiye aliyeelewa kwanza. Alimwendea nyapara, akamnong'oneza, na yule mzee akatikisa kichwa pole pole kama mtu aliyeonyeshwa mlango katika nyumba aliyokaa miaka yote. "Pigeni," aliwaambia watu wake. "Pigeni kazi, jamani, mama alale."

Wakapiga. Alilala, Baba. Alilala saa tatu nzima, katikati ya nyundo ishirini, vumbi likimtua kwenye nyusi hadi akafanana nawe. Jua lilipomfikia miguuni tulimfunika kwa kanga. Kaka yetu dereva, ambaye hakulia siku ya mazishi, alikwenda kusimama nyuma ya rundo la mawe peke yake.

Jiwe lilikubali kabla ya saa nane. Mlio wake ulikuwa mdogo, kama kitasa kinachofunguka. Kijiko aliweka kidole mdomoni, tusimwamshe. Ufa ulitoka kabari ya kwanza hadi ya mwisho, umenyooka, upana wa ukucha.

Alipoamka alilaumu. "Mngeniita nione." Lakini hakulaumu kwa nguvu. Alisimama, akapapasa ule ufa, kisha akaligonga lile pande jipya kwa kifundo cha kidole na kuinamisha sikio. Mafundi wote waliacha walichokuwa wakifanya.

"Zima," alisema.

Usiku ule nyumbani hakulala vizuri, tusikudanganye. Lakini wajukuu wamepewa ruhusa ya kugonga wanachotaka, na sasa anapata saa mbili, tatu. Alhamisi hupanda machimboni na birika la chai. Kijiko amekata mawe ishirini na sita kwenye mstari wako na mkono wake umepona.

Tunaokukumbuka ni mkeo, binti yako mkubwa aliye fundi cherehani pamoja na mume wake uliyemgonga bega, mwanao dereva, kitinda mimba wako aliye chuoni, dada yako ambaye ni shangazi yetu, wajukuu zako watano, na Kijiko, nyapara na mafundi wa machimbo, walioomba waandikwe pamoja na ndugu.

Mama hakutaka tuandike mengi. Alisema tuandike tu kwamba uliposema habari za mstari alikusikia, na kwamba maneno yako yamewafikia wenyewe. Umsamehe kuchelewa. Tutakukumbuka siku zetu zote, Baba.