Mulango wa Kabati pa Hoteli Mupya

Kapata, Jumamosi

Na bado nacheka peke yangu, mutu wa miaka makumi tano na mbili, tumbo kama ngoma.

Pa ile hoteli mupya ya mujini kila kitu ni mchezo: taa ni kofia za bachimbaji, viti vinaning'inia kwa minyororo, na ukitaka kuingia choo unafungua kabati la nguo. Kabati hilo nililichonga mimi, wiki tatu nzima.

Leo, pa ufunguzi, mupambaji wao, ule wa miwani ya njano kutoka Lubumbashi, aliambia bageni: "Hii kabati nilitengeneza na mikono yangu." Akanigeukia. "Fundi, kaa kule nyuma, unanuka verni ya mbao."

Sawa. Nikakaa nyuma na sahani yangu ya bukari, ule ugali wetu.

Baadaye mupambaji mwenyewe akaingia choo. Kutoka ndani, mulango haufunguki mpaka uinue kijiti kidogo kule juu. Aliyeutengeneza angejua. Akagonga, akagonga, bageni bakajaa.

"Fundi! Fungula!"

Nilimaliza bukari kwanza. Nikanawa mikono.

"Tata, nani alitengeneza hii kabati?" nikamuuliza kupitia mulango.

"Ni weye!"

"Siyasikia muzuri. Sema nguvu, bageni basikie."

"Ni weye, fundi! Ni weye!"

Nikamwambia ainue kile kijiti kule juu, akatoka.

Pengine hawataniita tena, na hilo linanitia hofu. Lakini sijutii hata kidogo. Mama mumoja aliniuliza jina langu. Anataka kabati, akasema, ila la nguo tu.