Ulivyomjibia Mama Simu

Kaka Deo,

Shikamoo. Nakuamkia kwa kuwa wewe ni mkubwa wangu, si kwa kuwa moyo umetulia. Mguu wa wifi umepona? Mpunga umeshatoa masuke? Huku Ujerumani mimi na mtoto tu wazima. Ana meno mawili na anacheka kama marehemu baba yake. Siku nyingine namwacha acheke huku nimegeukia ukutani.

Kaka, mama amenyimwa viza ya kuja kunisaidia kulea. Ubalozi wanasema hawaoni kitu cha kumrudisha nyumbani. Sikuelewa, mpaka mama mwenyewe aliponiambia: "Nilikuwa napepeta mchele, mwanangu. Ubalozi wakapiga, kaka yako akapokea. Nikamsikia, 'Mama hana shamba. La Kisawasawa ni langu.' Nikasema haya, leo nimenyang'anywa shamba na ungo uko mkononi."

Mama anacheka. Mimi sicheki.

Shamba lile baba alimpa mama mbele yetu sote. Wewe ndiye uliyenibeba mgongoni kuvuka maji tulipokwenda kuamia ndege, ukaniambia, "Piga debe kwa nguvu, Skola, mpunga wa mama unaliwa!" Wa mama, ulisema. Lini umekuwa wako?

Msimamizi wangu kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi si ndugu yangu. Tangu nifiwe na mume wangu anaona ninavyohangaika na mtoto. Akaandika barua kwamba nina kazi ya kudumu na mama atafikia kwangu. Juzi akaniuliza, "Na kwenu wamesaidiaje?" Nikamdanganya kwamba simu za huko zinasumbua. Niliona aibu kukusema, Kaka. Hata shangazi wa Mang'ula sijamwambia.

Tunaomba upya. Nenda na mama kwa mtendaji wa kijiji, hapo Kisawasawa, aandike kwamba shamba ni lake na analilima. Usimsemee, ana mdomo. Kama uliogopa watalichukua, hakuna anayekuja kulipima. Wanataka tu kujua kama atarudi. Na atarudi, maana shamba hajakuachia.

Msalimie wifi, aliyenisuka nywele siku ya kuondoka. Wasalimie wanao, wanaomwamkia bibi yao kila asubuhi. Wangu anamjua kwenye simu tu.

Ubalozi wakipiga tena, mpe mama simu. Wewe nenda kaamie ndege, shambani kwake.

Mdogo wako uliyembeba,
Skola