Mkono wa Bi Somoe Begani Kwangu

Mpendwa mshauri, shikamoo, naomba msaada wako maana sina wa kumwuliza, dada zangu wako Newala na kila nikiwapigia wananiambia nisahau, nami siwezi. Nina studio ya picha hapa Kilwa Masoko, naishi chumba cha nyuma peke yangu tangu mume wangu Yahya aliponipa talaka akaoa mwingine, na nikishafunga mlango sisikii sauti ya mtu ila redio, nikipika wali unabaki, asubuhi nakula kiporo nimesimama. Sasa mama yake, Bi Somoe, amefariki, na mama huyo alinipenda kuliko mwanawe, hata baada ya talaka alikuwa akipita dukani na mihogo ananiambia, "Umekonda wewe, unamkondea nani?"

Hakupenda kupigwa picha, nzuri ni moja tu ya siku ya Idd, niliitegesha kamera juu ya stuli nikakimbilia kukaa, yeye katikati, Yahya kulia, mimi kushoto, na mkono wa mama uko begani kwangu. Yahya anaitaka picha ya mama ya kutundika kwake, bila mimi, basi kwenye kompyuta nimetengeneza nakala kadhaa za picha hiyohiyo, kila moja na mkato wake, na programu yenyewe haipotezi kitu, ukizivuta kingo picha nzima inarudi, lakini kila nikijitoa mimi, ama mkono wa mama unakatika ama bega langu linabaki, na Yahya amekuja, hata kukaa hakukaa, akasema, "Bega hilo lifute, mke wangu hataki kuliona ukutani, na ile picha nzima ifute kabisa." Anaitaka kabla ya arobaini. Wateja wakiachana mimi ndiye ninayewatoa wenzao kwenye picha za harusi, lakini hii nashindwa. Na nikwambie aibu yangu, nakala moja nimeikata tukabaki mimi na ule mkono tu, maana uso wake siwezi kuutazama, ndiyo naifungua kila jioni nalia. Je, nifute? Na arobaini niende, au nitaambiwa najipendekeza?

Mwenye studio, Kilwa Masoko

Marahaba mwanangu, na pole kwa msiba. Naona hakuna aliyekupa pole, basi pokea yangu.

Sasa nikugombeze. Mtu kakuacha, anakuja dukani kwako kukuamrisha ufute picha yako, na wewe unaniuliza ufute? Alaa! Talaka imekutoa nyumbani kwake, haikumpa kompyuta yako. Picha nzima usiiguse, na nakala yake iweke kwenye flashi. Yahya mkatie picha ya mama yake, usoni mpaka kifuani, bila mkono, bila bega. Mke mpya hajakukosea, usimpelekee ugomvi ukutani.

Arobaini nenda, tena mapema. Usingoje mwaliko. Kaa jikoni na wanawake, ukune nazi, na atakayekuuliza umekuja kama nani, mwambie umemfuata mama yako. Hakuna atakayekunyang'anya mbuzi ya nazi.

Lakini ile nakala ya mkono imeniuma. Yahya anataka kukutoa wewe, sawa, ila hapo aliyemtoa Bi Somoe ni wewe mwenyewe, ukamwacha mkono tu. Vuta hizo kingo mpaka uso wake urudi. Utalia, lia. Yahya mbakize nje, hilo halina dhambi. Kisha ichapishe kubwa, itundike chumbani kwako, pakua wali wako mbele ya mama, na leo ule umekaa.