Kikaratasi cha Njano kwenye Baiskeli Yako

Jengo la 7, Nyumba 402,
Chuncheon, Korea.
15 Novemba 2019

Mpendwa mdogo wangu Tae-shik,

Hujambo huko New Zealand? Kifua kimepona? Unakula vizuri, au ndiyo mikate mitupu kila siku? Sisi hatujambo, isipokuwa goti la shemeji yako, ambalo huanza kulalamika kabla hata baridi haijafika.

Wiki hii tumechachusha kabichi za kimchi ya msimu wa baridi. Kabichi kumi na mbili nimezileta kutoka sokoni kwa ile baiskeli yako ya milimani. Rangi imebabuka, gia zinazoshika zimebaki mbili, na mlima pekee inaoupanda ni ule wa kituo cha basi. Lakini haijanigomea hata siku moja. Kiti sijakishusha. Kiko kwenye urefu wako, nami nakanyaga kwa ncha za vidole. Nimekukumbuka mno, ndugu yangu.

Nusura niipoteze. Mwezi uliopita ofisi ya majengo yetu ilifunga kikaratasi cha njano kwenye kila baiskeli. Mwenyewe akikiondoa, wanajua ina mtu. Kikibaki, inachukuliwa na lori la vyuma chakavu. Mimi na akili zangu nikadhani ni cheti cha ukaguzi. Nikakifunika nailoni kisilowe!

Jumanne nikasikia lori. Nikakimbia chini na ndara za ndani. Mlinzi wetu, Mzee Bong, alikuwa ameshainyanyua.

"Mama Hye-rim, hata hili kopo la kutu unaligombania?"

"Kopo kichwa chako! Asubuhi tu imenibebea kabichi."

"Kwani ya nani?"

"Ya mdogo wangu."

"Yuko wapi?"

"Ng'ambo. Mwaka wa tisa huu."

"Sasa mama, hiyo si imetelekezwa?"

Machozi yakanitoka mbele ya watu wa lori. Mzee Bong akaishusha taratibu, akakifuta kiti kwa kiganja, akasema, "Haya, haya. Ina mtu."

Akanipa mkasi nikate kikaratasi. Nikakataa. Nikaandika jina lako juu yake. Mzee Bong akatikisa kichwa, akasema ataivumilia mpaka mwakani.

Hye-rim anakusalimu, na shangazi Pil-nyeo pia, ambaye kila Jumapili huniuliza kama umeoa. Mungu akutunze mwili na roho.

Kikaratasi kinatakiwa kuondolewa na mwenyewe. Njoo ukikate.

Dada yako akupendaye, anayekungoja,
Geum-ok