Mabati ya Usangu

Jumatatu, 4 Julai 1977
Jua tele, vumbi tele. Nimepima joto la mabati tena. Yapo matatu, yamelala kwenye kichanja nyuma ya boma la Mzee Masanja, aliyehamia hapa Usangu na ng'ombe wake kutoka Shinyanga. La kwanza nimelipaka masizi na magadi. La pili mkaa wa mianzi ya Kilolo, uliosagwa ndani ya mafuta ya alizeti niliyochemsha mpaka yakawa mazito. La tatu rangi nyeusi ya Ulaya aliyonipa Profesa anayenisimamia. Natafuta rangi yetu wenyewe itakayonasa jua na kudumu, ili siku moja zahanati ichemshe maji bila kuni. Mbeya mjini siwezi kupima. Ukungu wa Julai haujali shahada ya uzamili.

Jumatano, 6 Julai
Magadi yanaongoza! Nimeringa siku nzima. Mama Kabula, mke wa Mzee, hana mbavu. Anasema wao wanasugua sufuria masizi yatoke, mimi msomi nayapaka kwa hiari. Kesho naenda Mbeya kwa shangazi. Nguo safi, hatimaye.

Jumatatu, 11 Julai
Balaa. Nimerudi nikakuta ng'ombe wamelamba mabati yote. La magadi ni jeupe pee. Nani asiyejua ng'ombe na magadi? Mimi, mjukuu wa wafugaji wa Tukuyu. Akili ni nywele, na leo nina kipara. Rangi ya Ulaya imebanduka pembeni. La mianzi lina mate tu. Nimelipangusa, weusi uko palepale! Nimelia, nikacheka.

Mzee hacheki. Mtamba wake mmoja hali majani tangu jana, na ni wa mahari ya mwanawe. “Binti, hii mabati yako imewekwa nini? Kama ni sumu, sitaki kuiona hapa.” Profesa anakuja Alhamisi. Mabati yakiondoka, kiangazi kitakwisha sijapima kitu, na utafiti wangu umekwisha.

Jumanne, 12 Julai
Mtamba amelala. Nimemsogezea majani. Kageuza uso.

Jumatano, 13 Julai
Kanywa maji kidogo. Sijawahi kumtazama mwanaume yeyote kama ninavyomtazama mtamba huyu. Naogopa. Maji yamenifika shingoni.

Alhamisi, 14 Julai
Profesa kafika, viatu vinang'aa. Alifurahia bati la mianzi, akaanza kuuliza vipimo. Mzee akamkatiza. Alitaka kujua kilichomo, basi. Nikaeleza: mianzi, alizeti, hakuna kingine. Maneno yangu hayakumtosha Mzee, na mimi nisingemlaumu.

Nikainama nikalilamba bati. Mbele yao wote, ukingo hadi ukingo. Mama Kabula alipiga yowe. Mzee alicheka mpaka akashika nguzo ya boma. Halafu akamgeukia Profesa kwa heshima zote, akaonyesha bati la Ulaya.

“Na ya kwako, mwalimu?”

Profesa alivua miwani, akaliinamia bati, akainuka. Hakujua kilichomo. Akasema hilo atarudi nalo Dar es Salaam. Mzee akasema langu libaki, lakini mtamba akifa tutazungumza mengine.

Jumamosi, 16 Julai
Asubuhi mtamba kasimama. Kala. Sijui alikuwa na nini, wala Mzee hajui. Nilimkumbatia shingo, akanikanyaga mguu.

Mzee kakata miiba na kulizungushia bati langu uzio. Limebaki peke yake kichanjani; la magadi nimelitoa mwenyewe. Saa saba nimepima, joto ni zuri. Ulimi wangu bado una ladha ya alizeti. Jioni Mama Kabula kaniletea maziwa kwenye kikombe. Kasema nikimaliza nimrudishie, nisikilambe.